Ardith na Honi ya Getini

Kwa Ardith Kolbe hatupigi honi. Ukifika getini kwake unazima gari, unashuka, unalitaja jina lako mwenyewe kwa sauti: ni Glenna, au ni Hoyt, nimeleta mbolea. Kisha unafungua kwa ufunguo wako, maana huku mlimani majirani tuna funguo za mageti ya wenzetu. Anayepiga honi ni mgeni, na kwa miaka mingi mgeni huku kwetu alikuwa na maana moja tu. Vijana waliohamia juzi kutoka Oakland na vijibwa vyao vilivyovaa sweta wanaona huo ni ushamba. Na waone.

Mimi ndiye Glenna, jirani yake wa bondeni. Tulikuja huku tukiwa wasichana wenye nywele za kufika kiunoni, tukalima bangi, iliyokuwa imekatazwa, tukazeekea hapahapa. Ardith ni mrefu, mkavu, ana mikono mikubwa na maneno machache. Kuna siku dubu aliingia jikoni kwake akamtoa kwa kikaango cha moto, kisha akarudisha kikaango jikoni akamalizia kukaanga mayai yake. Mwaka ule moto wa msitu ulipopanda hadi kwetu, sisi wengine tulikimbia na paka wetu, yeye akabaki juu ya paa na mpira wa maji. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mwoga. Lakini gari geni likikata kona ya chini, utaona rangi inamtoka usoni, na ukimsemesha hakusikii.

Sababu yake inajulikana. Zamani, wakati wa mavuno, helikopta ilitokea nyuma ya kilima ikatua katikati ya shamba lao, wakashuka askari wenye bunduki. Mumewe, Royce, walimchukua akiwa na kaptula na miguu mitupu. Ardith alikuwa amelala chini kwenye vichaka, mkono mmoja ameziba mdomo wa binti yao, Linnea, ambaye alikuwa mdogo na alitaka kumwita baba yake. Royce alifungwa. Alirudi amekuwa mtu wa kushtuka hata mkate ukiruka kwenye kibaniko. Baadaye mapafu yakamharibikia, akafa, na Ardith akabaki peke yake na kilima chake.

Enzi hizo kila nyumba ilikuwa na kanuni moja, na watoto walifundishwa kabla hawajajua kufunga kamba za viatu: ukisikia kitu, choma. Na unaanza na mama. Mche mama hauvunwi. Unauweka mwaka mzima, unaukata vitawi, vitawi vinatoa mizizi, na hivyo ndivyo shamba la mwaka unaofuata. Ukikutwa na mama unahesabiwa mfanyabiashara mkubwa, hata kama huna kitu kingine. Kwa hiyo mama ndiye wa kwanza kuingia jikoni kwenye moto.

Basi sheria ikabadilika. Bangi ikawa zao kama nyanya, ila nyanya hazina kamera. Mimi ndiye niliyemshika Ardith mkono tukaenda kuomba leseni, na nilimsumbua mwaka mzima kabla hajakubali. Aliniambia, "Karatasi wametoa wao, Glenna. Siku wakiitaka wataichukua." Nikamwambia aache kutaja mikosi. Tukajenga uzio, tukafunga kamera, tukafunga kila mche lebo ya plastiki yenye namba, na namba ikaenda kwenye kompyuta ya serikali. Mche ukifa unatoa taarifa, unausaga, unauchanganya na udongo mbele ya kamera. Hakuna aliyefanya haya yote kwa usafi kama Ardith. Mimi lebo zangu nilikuwa nazikuta mfukoni mwa suruali baada ya kufua. Zake zilikuwa zimesimama kwa mstari, zote zinatazama upande mmoja. Nilidhani ni utii, kumbe ni hofu.

Na leseni hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake. Bila leseni hakuna kuuza, na bila kuuza kilima kingeuzwa, naye angeenda Sacramento kukaa kwa Linnea, kwenye chumba kilichojaa baiskeli na mashine ya mazoezi. Linnea ni binti mzuri. Lakini Ardith alikwenda huko mara moja kwa Krismasi na akarudi kabla batamzinga hajakatwa. Alisema huko magari hayanyamazi.

Siku yenyewe ilikuwa ya Agosti, jua la kuua nyasi. Nilikuwa nyuma ya nyumba namenya pichi za kuweka kwenye chupa niliposikia honi kwa mbali, juu kwa Ardith. Mara moja, kimya cha dakika kadhaa, kisha mara ya pili, ndefu zaidi. Nikajisemea huyo ni mgeni, labda amepotea. Nikaendelea na pichi zangu. Baadaye kidogo nikainua macho, nikaona moshi.

Wasiokaa huku hawawezi kuelewa moshi wa Agosti. Nilitupa kisu. Nilimpigia Hoyt, mkuu wa kikosi chetu cha kujitolea cha zimamoto, mtu mnene mwenye masihara hata msibani, na safari hiyo hakutania. Alisema tu, "Natoka." Nikaingia kwenye gari, na njia nzima nilikuwa nasema kwa sauti, asiwe juu ya paa, asiwe juu ya paa.

Getini palikuwa na gari jeupe lenye nembo ya jimbo. Pembeni alisimama kijana mwenye shati safi, simu sikioni, uso umempauka. Aliniambia jina lake ni Tavares, mkaguzi wa leseni, na kwamba amepiga honi hakuna aliyetoka, na sasa nyumba inawaka. Nikaitazama dohani. Moshi ulitoka kwenye dohani tu, mweupe, mzito, wa kitu kibichi. Nikaunusa, ni bangi. Hapo nikaelewa, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa moto.

Hoyt alifika na gari la maji na watu wake, wengine bado wamevaa ndala. Nikafungua geti, tukapanda wote, na Tavares nyuma yetu. Mlangoni nilimwambia asubiri, akanijibu kwa adabu kwamba hawezi kusubiri.

Ardith alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la kuni. Jiko lilikuwa jekundu, nyumba nzima ina joto la kukaushia samaki, naye anasukumiza matawi mabichi ndani kwa mikono mitupu. Vidole vilikuwa vimeungua na hakuwa na habari. Nyuma yake, sakafuni, kulikuwa na udongo uliomwagika kutoka mlango wa nyuma hadi jikoni. Nilimwita jina. Hakugeuka. Nikamshika mabega nikamvuta, na mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, meno yanagongana kwenye joto lile.

Tavares alisimama kizingitini akauliza kinachochomwa ni nini.

Sasa, huku kwetu kuna tabia nyingine ya zamani. Mtu wa serikali akiuliza, hujui. Kama ni lazima ujue, unajua kitu kingine. Hoyt alivuta suruali yake juu, akakohoa, akasema Ardith anaoka mkate.

"Mkate," alisema Tavares.

"Wa rozimeri."

Nyumba nzima ilikuwa inanuka bangi hadi mapazia. Watu wa zimamoto wakatazama ndala zao. Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini, lakini nilimwona Tavares akitoa kalamu.

Alimpita Hoyt, akachuchumaa mbele ya Ardith, mbali kidogo, kama unavyomkaribia farasi aliyeshtuka. Akasema kwa upole:

"Mama, nikipanda nimechungulia banda lako la miche mama. Hamna kitu. Ndiyo hiyo uliyochoma?"

Ardith akaitikia kwa kichwa.

"Yote ilikuwa na lebo. Ilikuwa halali yote," alisema Tavares.

"Najua."

"Sasa kwa nini umeichoma?"

Ardith alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ulipiga honi," alisema.

Kijana yule alikuwa amekuja kwa sababu kamera ya getini ilikuwa imeacha kutuma picha. Labda panya alikuwa ametafuna waya. Angeiangalia, angesema itengenezwe, angekunywa maji ya limau na kwenda zake. Alituambia hivyo mwenyewe huku Hoyt akimfunga Ardith mikono kwa bandeji, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani asingekuja. Kisha akaeleza lililobaki, maana ilimbidi. Mkaguzi amezuiwa getini. Mimea imeteketezwa bila taarifa, nje ya kamera. Shahidi ameongopa. Na kubwa kuliko yote, kompyuta ya serikali ilisema kuna miche mama bandani, na bandani hamna. Mtu anayeuza kwa mlango wa nyuma, kwa watu wasio na leseni, ndiye huwa na mimea iliyopotea, na akikaguliwa husema imeungua. Akachota majivu yale na vipande vya plastiki vilivyoyeyuka, akavitia kwenye mfuko, akafunga mabanda yote kwa utepe. Ardith asivune wala asiuze hadi shauri lisikilizwe.

Hoyt alimsindikiza hadi kwenye gari. Aliporudi alikaa kwenye ngazi, akasema, "Glenna, ningesema anapika supu." Nikamwambia akanyamaze nyumbani kwake.

Wiki zilizofuata ndizo sitaki kuziona tena. Wakaguzi walirudi na wenzao, wakapima kila kitu, wakafungua makabati, wakatazama hata chupa zake za matango ya siki. Hawakuwa wabaya. Walifuta viatu mlangoni. Lakini kila walipokuja nilimkuta Ardith amejifungia kwenye stoo ya chakula, amesimama kati ya rafu, amekodoa macho gizani. Aliacha kula. Alikuwa analala na viatu. Kule mabandani maua ya bangi, ndiyo mavuno yake, yalikuwa yanaiva na kuanza kuoza nyuma ya utepe, na harufu yake ilitufikia hadi bondeni.

Siku moja nilimpelekea pai ya nyama. Aliitazama tu, kisha akaniuliza gerezani wanakuachia miwani yako au wanakupa nyingine.

"Ardith, hakuna gereza hapa. Hili ni shauri la leseni. Sana sana watakunyang'anya leseni."

"Royce naye walimwambia ni maswali tu."

"Zama zile zimekwisha, mama."

"Wao nani kawaambia?" alisema. Mimi mwenyewe usiku nilikuwa nasikiliza barabara.

Shauri lilisikilizwa mjini, kwenye chumba cha halmashauri ambacho Jumamosi huwa ni cha mazoezi ya ngoma za wazee. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo aliyechoka, ana mafua, kisanduku cha tishu mbele yake. Ardith alivaa gauni la maziko ya Royce. Wakili wetu, kijana wa haraka haraka, alituagiza tusiongee. Hoyt aliitwa kwanza, akaulizwa habari za mkate. Alikuwa amejiandaa kutania, nilijua, lakini alipomwona Ardith utani ukamwisha.

"Nilisema kwa mazoea," alisema. "Sisi huku tumesema uongo kwa watu kama nyie tangu tukiwa vijana. Ulitoka wenyewe."

Kisha Tavares akaonyesha picha za kamera ya ndani ya banda. Kamera ya getini ndiyo iliyokufa. Hii ilikuwa nzima. Kila mtu chumbani alitaka kuona kama miche ilitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye gari la mnunuzi. Mimi nilitaka kufumba macho, na sikuweza.

Picha hazikuwa na sauti. Ardith anaonekana anamwagilia, ametulia, anageuza lebo moja itazame upande wa wenzake. Ghafla anaganda. Ndoo inaanguka. Anaanza kunyakua miche, anaikumbatia na vyungu vyake, anakimbilia nyumbani, anarudi, anachukua mingine. Alikuwa mama wa miaka sabini na alikimbia kama msichana. Kisha anasimama tena, na nikajua hiyo ndiyo honi ya pili. Anajitupa chini kifudifudi kati ya vitanda vya miche. Analala pale. Mkono mmoja uko kichwani. Mkono wa pili ameunyoosha pembeni, karibu na kifua chake, kiganja kimejikunja na kukaza hewani, anaziba kitu ambacho hakipo.

Mwenyekiti aliuliza anafanya nini pale. Linnea, aliyekuja kutoka Sacramento na kukaa nyuma yetu, aliinuka akatoka nje, na tulimsikia akilia kwenye korido. Ardith hakugeuka. Alikuwa anajitazama kwenye skrini kama anayemtazama mtu wa mbali.

Tavares aliulizwa maoni yake. Alisema majivu yanalingana na miche, na lebo zilizoyeyuka zinalingana kwa idadi. Alisema haamini kuna kilichouzwa. Kisha akasema, "Naamini mama huyu alikuwa ananiogopa." Nilimpenda hapo kijana yule, na nilikasirika kwamba nampenda.

Uamuzi ulitoka siku ileile. Leseni haifutwi. Kuna onyo na kuna faini ya kulipika. Na kuna mwaka mmoja wa matazamio, ambapo wakaguzi watamtembelea kwa kushtukiza, siku yoyote, saa yoyote ya kazi, bila taarifa, naye awafungulie papo hapo. Akichelewa kufungua hata mara moja, leseni imekwenda.

Wakili aliruka kidogo kwenye kiti. Alituambia hii ndiyo adhabu ndogo kuliko zote alizowahi kuziona. Hoyt alinikumbatia hadi mbavu zikalia. Mimi pia nilicheka, sikatai, nilicheka na kulia. Kisha nikamtazama Ardith. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu, na mikono yake yenye makovu mapya imeshika ukingo wa meza. Alikuwa amesikia neno moja tu katika yote yaliyosemwa: kushtukiza.

Aliinuka bila kuruhusiwa. Wakili alimvuta kiwiko, hakujali.

"Niambieni siku," alimwambia mwenyekiti. "Siku yoyote mnayotaka. Nitafungua mapema, nitakaa mlangoni. Njooni kila wiki, njooni kila siku. Niambieni tu ni lini."

Mwenyekiti alipenga kamasi, akamtazama kwa huruma, akasema sheria haimruhusu. Ziara ikitajwa siku haiwi tena ya kushtukiza. Ardith akasema, "Basi leseni ichukueni." Wakili akasema upesi kwamba mteja wake amechoka na anashukuru sana, akamkalisha.

Leseni hakuirudisha. Njiani kurudi nilimgombeza hadi sauti ikakauka, nikamtajia Sacramento na zile baiskeli, huku Linnea anaendesha. Ardith alitazama dirishani. Tulipofika getini kwake alishuka yeye kufungua, tukapita, na sisi tulipokuwa tunateremsha mizigo nyumbani tukaona hajaja. Nikamfuata. Alikuwa amesimama palepale amelishika geti, anatazama barabara.

Toka siku ile amehamia pale. Asubuhi ofisi zinapofunguliwa anashuka na kiti cha kukunja, chupa ya kahawa, na mwavuli kama kuna mawingu. Anafungua geti lote anakaa katikati ya njia hadi ofisi zinapofungwa. Kazi za shamba anazifanya alfajiri kabla ya hapo, nyingine tunamsaidia kwa zamu. Hoyt alimtania kwamba angeanza kutoza ushuru wa barabara, Ardith hakucheka, na Hoyt hakurudia. Ukipita unamkuta amekaa wima, viatu vimefungwa kamba, anasikiliza. Amekonda. Nimemwambia arudi ndani, nitamwekea kengele, nitamwekea simu, nitakaa mimi badala yake. Ananishukuru, na haondoki.

Tavares alikuja Oktoba, siku ya mvua kubwa. Nilikuwa pale, nimempelekea supu. Gari jeupe lilikata kona, na nilimwona Ardith akisimama, miguu imepanuka, mikono imeshika mgongo wa kiti, mwili mzima unataka kugeuka ukimbie na hauruhusiwi. Kijana aliteremsha kioo. Alikuwa amekuja polepole, hakugusa honi. Akamwambia, mama, umelowa, huna haja ya kuningoja hapa. Nenda ndani, nami nitasubiri getini mpaka utoke, hata nusu saa, sitaandika kitu.

Ardith alitikisa kichwa. Maji yalikuwa yanamchuruzika usoni.

"Nisipokungoja," alisema, "nitakimbia."

Tavares alizima gari, akashuka kwenye mvua, akaja kusimama naye. Tulisimama watatu pale hadi Ardith akauachia mgongo wa kiti, kisha tukapanda kukagua.